Kulimbika na Kulimbuka: Kuhusu Kuahirisha Mambo Tunayoyafurahia

Utangulizi

Uahirishaji wa mambo magumu umezungumziwa sana. Mwanafunzi anayeisogeza tasnifu yake kutoka muhula hadi muhula, mdeni anayembadilishia njia mdai wake, mgonjwa anayeogopa sindano: hawa wote tunawaelewa bila kuhitaji maelezo, kwa kuwa kila kiumbe hukwepa kinachomuumiza. Suala linalotushughulisha katika makala haya ni jingine, na kwa maoni yetu ni la ajabu zaidi. Kwa nini binadamu huahirisha jambo analojua fika kwamba litamfurahisha? Kwa nini riwaya iliyonunuliwa kwa hamu, tena kwa pesa za nauli, hukaa miaka minne juu ya rafu ikiwa bado inanukia wino?

Tutalitazama suala hili kwa jicho la mwanafunzi wa lugha na fasihi, si la mtaalamu wa saikolojia, ingawa hao nao tutawapa nafasi yao. Tunachodai ni kwamba Kiswahili kimelitafakari jambo hili kitambo, na kwamba msamiati wake pamoja na fasihi simulizi yake hutenganisha aina mbili za kungoja ambazo katika mazungumzo ya kila siku tunazichanganya. Kuzichanganya huko kuna gharama, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa katika idara zetu za Kiswahili.

Msamiati wa kungoja

Tuanze na kitenzi kinachotumika zaidi, ahirisha. Asili yake ni Kiarabu, na kinatokana na mzizi uleule uliotupa neno akhera. Undugu huu si wa kupuuzwa. Kikao kinapoahirishwa, hupelekwa upande wa baadaye, na baadaye hiyo haina kipimo chochote mpaka mtu aitaje. Ndiyo maana katibu mwenye nia njema huandika kwamba kikao kimeahirishwa hadi Jumanne saa nane, ilhali katibu anayetaka kukiua kikao huandika kwamba kimeahirishwa, kisha akatia nukta. (Waliowahi kuhudumu katika vyama vya wanafunzi wanaijua nukta hiyo.)

Sasa tukitazame kitenzi limbika, ambacho vijana wengi wa rika letu hukijua kwa kukisoma kuliko kwa kukitumia. Kulimbika ni kuweka kitu kidogo kidogo hadi kiwe kingi, au kukingojea kitu mpaka kiwe tayari. Mtu hulimbika matunda, yaani huyaacha mpaka yaive. Mtu hulimbika maji pia. Aliyeona jinsi maji yanavyochotwa katika mito ya mchanga ya Ukambani wakati wa kiangazi ataielewa maana hii mara moja: mchotaji huchimba shimo mchangani, na shimo likishapatikana hana budi kukaa kando na kata yake mpaka maji yajikusanye. Akichota mapema, atachota tope. Kungoja kwake ni sehemu ya kuchota. Zaidi ya hayo, kungoja huko kunabeba kipimo chake ndani yake: maji yakifika kiasi cha kata, ngoja imekwisha. Hakuna mtu anayelimbika maji kisha akaenda zake nyumbani na mtungi mtupu.

Kipo kitenzi kingine kinachokaribiana nacho kwa sauti, limbuka, ambacho maana yake ni kuonja au kutumia kwa mara ya kwanza, hasa mazao mapya; ndicho kilichozaa nomino malimbuko. Tunaviweka vitenzi hivi bega kwa bega kwa sababu ya maana zake, si kwa kudai kwamba mashina yake ni ndugu. Kimoja ni cha kungoja, kingine ni cha kuonja, na ukivitamka kwa mfuatano utahisi kwamba cha kwanza kinakidai cha pili. Anayelimbika, analimbika ili alimbuke. Anayeahirisha hana ahadi hiyo na mtu yeyote.

Kutokana na tofauti hii, hata mgogoro wa methali zetu unapungua makali. Walimu wa sekondari wamezoea kutupa zoezi la methali zinazopingana: Subira huvuta heri kwa upande mmoja, na Ngojangoja huumiza matumbo kwa upande wa pili. Mwanafunzi huandika kwamba methali hupingana kwa sababu maisha yenyewe yana mikinzano, akapata alama zake, akaenda. Jibu hilo si baya, lakini ni jepesi. Tuitazame methali inayotumiwa zaidi kuwatetea wangojaji: Mvumilivu hula mbivu. Neno la kushikwa hapo ni mbivu. Ubivu si hali ya kudumu. Embe huwa changa, likakomaa, likaiva, kisha likaoza, na muda uliopo kati ya kuiva na kuoza ni mfupi kuliko wowote mwingine katika maisha ya embe. Kwa hiyo methali hii haisemi kwamba kungoja ni kuzuri kwa jumla. Inasema kwamba ipo siku ya kula, na mwenye pupa huikosa kwa kuitangulia. Methali Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako yatukumbusha kwamba siku hiyo huweza pia kukoswa kwa kupitwa. Methali hizi mbili zinaizungumzia siku moja, kila moja kutoka upande wake.

Itasemwa: mbona basi Akiba haiozi? Kwa maoni yetu, methali hii ni ya mtu wa ghala na sarafu, na katika ghala inasema kweli. Tatizo hutokea inapotolewa ghalani na kupelekwa kwenye mambo ambayo hayana sifa ya nafaka kavu, kama vile mazungumzo na mzee wa miaka themanini, au hamu ya kijana wa miaka ishirini ya kusoma hadithi ya mapenzi.

Mji wa kitendawili

Ikiwa kuna mahali ambapo raha ya kucheleweshwa imewekewa kanuni waziwazi, ni katika utegaji wa vitendawili. Mtegaji anasema: Kitendawili! Hadhira inajibu: Tega! Anatega: Kuku wangu katagia mwibani. Wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji hatoi jibu papo hapo. Anadai mji. Anapewa Mombasa, akiupenda anaupokea, akiukataa anataka mwingine, Kisumu au Lamu, na akishaupokea huenda akasimulia alivyofika huko, alivyokaribishwa na alivyokula, ilhali watoto wanamkodolea macho wakitaka jibu. Ndipo hutamka: nanasi.

Kwa nini asiseme nanasi mapema? Mji hauongezi taarifa yoyote katika kitendawili. Wanafunzi wengine wameueleza kama faini tu inayotozwa hadhira kwa kushindwa, na kweli ni faini. Lakini ni faini inayoilipa hadhira kuliko inavyomlipa mtegaji, kwa kuwa katika muda wa safari ile ya Mombasa kila msikilizaji anaendelea kulisaka jibu kichwani mwake, na hamu inazidi. Ni kulimbika hasa. Isitoshe, mpaka wake unajulikana na pande zote mbili. Mtegaji aliyepewa mji hana ruhusa ya kukataa kujibu. Akifanya hivyo, mchezo umevunjika na watoto watampigia kelele, tena wana haki.

Hadithi nazo zilikuwa na saa yake. Katika jamii nyingi za Kenya ngano zilitambwa jioni, kazi zikiisha, na kuzitamba mchana kulihesabiwa kuwa mwiko. Kwa kawaida tunaeleza kwamba mwiko huo uliwazuia watoto kuacha kazi, na maelezo hayo yanatosha kwa upande wa uchumi wa nyumba. Kwa upande wa raha, mwiko huo uliifanyia hadithi jambo ambalo maktaba iliyo wazi saa zote haiwezi kulifanya: uliipa hadithi siku nzima ya kutamaniwa, kisha ukahakikisha kwamba jioni inafika. Anayefunga mwezi wa Ramadhani huijua hali hii kwa mwili wake. Tende na kaimati huonekana mezani tangu alasiri, na hakuna anayezigusa. Lakini adhana ya magharibi ikisikika, mafunzo ya dini yenyewe yanahimiza kufuturu upesi, si kukawia.

Wahakiki wa fasihi andishi hulifahamu jambo hili kwa majina yao. Mrusi Viktor Shklovsky alieleza mwaka 1917 kwamba mbinu za sanaa huufanya utambuzi wetu uwe mgumu na mrefu zaidi kwa makusudi, kwa kuwa kule kutambua ndiko kunakofurahiwa. Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake S/Z cha mwaka 1970, aliorodhesha namna simulizi inavyouliza fumbo kisha ikalikawiza jibu. Sisi tuna istilahi ya taharuki, na tumeizoea mno katika majibu ya mitihani kiasi kwamba tumesahau kuwa ni jina la starehe.

Walivyopima wengine

Ingefaa sasa tuwasikie waliolipima jambo hili kwa takwimu. Mwaka 1987 mwanauchumi Mmarekani George Loewenstein aliwauliza wanafunzi wangelipa kiasi gani ili wapate busu la nyota wa filamu wanayempenda, papo hapo au baada ya muda mbalimbali hadi miaka kumi. Kiasi kikubwa zaidi hakikutajwa kwa busu la papo hapo, bali kwa busu la baada ya siku tatu. Siku tatu za kutazamia zilikuwa na thamani yake. Busu la baada ya miaka kumi lilishuka bei sana, na nadhani hata mtambaji wa ngano angeweza kumwambia hivyo.

Utafiti wa pili unatugusa zaidi. Mwaka 2010 Suzanne Shu na Ayelet Gneezy, nao wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walipewa vocha ya kula kitu kitamu katika duka la keki. Baadhi yao walipewa wiki tatu za kuitumia, wengine miezi miwili. Waliopewa miezi miwili ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangeitumia. Mwishowe, walioitumia miongoni mwa waliopewa wiki tatu walikuwa asilimia 31, na miongoni mwa waliopewa miezi miwili walikuwa asilimia 6 tu. Watafiti hao waligundua pia kwamba wageni wanaokaa mjini kwa majuma machache huona vivutio vingi vya mji kuliko wakazi wanaoishi hapo. Mkazi hukurupuka kwenda kuvitazama anapokaribia kuhama.

Hatuhitaji kusafiri hadi Marekani kuyathibitisha haya. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, imo mjini Mombasa ambako hakuna asiyeijua. Muulize mwenyeji aliyezaliwa Kisauni mara ya mwisho aliyoingia ndani. Wengi watakujibu kwamba ni wakati wa ziara ya shule ya msingi. Haina maana kwamba hawaipendi. Watakuelekeza njia, watakusimulia habari zake, na watakusifia upepo wa pale juu. Ipo tu, na kitu kilichopo tu huweza kwenda kuonwa kesho.

Sanduku la leso

Maelezo ya upatikanaji hayatoshi, hata hivyo. Kuna raha ambazo hatuziahirishi kwa kuzidharau bali kwa kuziheshimu mno. Katika nyumba nyingi za Kenya kuna kabati la kioo lenye vyombo vya wageni, na wenye nyumba hunywea chai katika vikombe vilivyovunjika vishikio. Mgeni anayestahili vyombo vile hutazamiwa mwaka baada ya mwaka, na kila mgeni anayefika anaonekana kuwa mdogo kidogo kuliko vyombo.

Nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi Likoni, alikuwa mpenzi mkubwa wa leso. Alipofariki, mama na dada zake walifungua sanduku lake wakakuta doti nne ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Msomaji wa bara huenda asijue kwamba leso huuzwa zikiwa mbili zilizoungana, na kwamba kuzikata na kuzipinda ndiko kunakozifanya ziwe vazi. Doti isiyokatwa bado ni bidhaa ya dukani. Leso, kama tujuavyo, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yanayoandikwa chini ya mji. Doti mojawapo ilikuwa na jina la kumjibu jirani msengenyaji. Mama alicheka huku akilia, kwa sababu jirani aliyekusudiwa alimjua, na jirani huyo alikuwa amehamia Voi miaka mingi kabla. Jibu lilikuwa limengoja siku ya kufaa hadi aliyestahili kujibiwa akaondoka.

Ninautoa mfano huu kwa sababu leso ni matini, na matini ina hadhira na wakati. Kitambaa hakikuchakaa, rangi zilikuwa kali kama za siku ya kununuliwa. Kilichochakaa ni muktadha. Wanaoisifu akiba hawaihesabu hasara ya namna hii, kwa kuwa haionekani kwenye kitu chenyewe. Sijui vizuri zaidi namna ya kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza dhana ya muktadha kuliko kumwonyesha leso ile.

Rafu zetu

Tumefika nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili aliingia chuoni, aghalabu, kwa sababu ya kitabu. Waulize wenzako: mmoja atakutajia Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mwingine Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mwingine diwani aliyoikuta kwa mjomba. Mwulize tena ni kitabu gani cha Kiswahili alichokisoma mwaka huu ambacho hakimo katika kozi yoyote, nawe utaona anavyokuna kichwa. Si kwamba hapendi. Anacho, amekiweka. Atakisoma likizo. Likizo ikifika atakisoma baada ya kukabidhi tasnifu, na baada ya tasnifu atakisoma akishapata kazi na kiti kizuri.

Hapa inatubidi tutofautishe mambo mawili. Nagona (1990) na Mzingile (1991) huahirishwa na wengi kwa hofu, kwa kuwa ni riwaya ngumu, na hilo si suala la makala haya. Tunayezungumza juu yake ni msomaji anayeiweka kando riwaya anayoitamani. Sababu yake kubwa, kwa kadiri ninavyowasikia wanafunzi wenzangu wa uzamili, ni dhamiri: kusoma kwa kujifurahisha kunaonekana kama wizi wa muda wa utafiti. Hili ni jambo la kusikitisha katika taaluma ambayo malighafi yake ni starehe ya watu wengine. Tunaandika sura nzima kuhusu upokezi wa hadhira huku sisi wenyewe tumeacha kuwa hadhira.

Vitabu angalau huweza kusubiri, japo si vyote. Vingi vya miaka ya sitini na sabini havichapishwi tena, na nakala ya maktaba ikipotea imepotea. Watu hawasubiri. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo (1979) na Umbuji wa Mnazi (1985), mtu aliyetupa neno runinga, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017. Kwa mwanafunzi aliye Pwani, kuketi naye kulikuwa safari ya matatu moja. Kulikuwa pia, kwa ushuhuda wa waliomfikia, furaha kubwa. Nimekutana na watu kadhaa waliokuwa wakipanga kwenda, na mipango yao ilikuwa mizuri: wangekwenda wakiwa wamesoma zaidi, wakiwa na maswali bora, wakiwa na kinasa sauti kizuri. Kezilahabi na Walibora walifariki miezi michache tu kati yao, mwaka 2020. Matini zao zimebaki kwetu. Swali ambalo msomaji alikuwa akililimbika ili amwulize mwandishi uso kwa uso, hilo limebaki kwa msomaji.

Nimetumia kitenzi limbika katika sentensi hiyo ya mwisho kwa kusita, maana kwa haki hakistahili. Hakukuwa na siku iliyotajwa.

Kundi dogo la wanafunzi wa uzamili tulio katika idara moja tumekuwa tukikutana kila Ijumaa jioni kusoma kitabu kisicho cha kozi yoyote. Sharti ni kwamba asiwepo atakayekiandikia ripoti. Muhula uliopita tulisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, ambayo karibu kila mmoja wetu aliijua kwa jina kutoka mihadhara ya historia ya riwaya na ni wawili tu waliowahi kuisoma. Tulipokaribia mwisho, Bwana Msa akiwa tayari kumtaja muuaji, mwenzetu mmoja alipendekeza tufunge vitabu hadi Ijumaa inayofuata. Palizuka malalamiko makubwa, lakini pendekezo lilipita kwa kura. Wiki ile ilikuwa ndefu. Watu walikutana maktabani, kantini, hata kwenye foleni ya benki, wakibishana ni nani aliyeua. Ijumaa ilipofika tulikuwa tisa, idadi ambayo hatukuwa tumeifikisha tangu muhula uanze. Wawili kati yetu walionekana watulivu kupita kiasi, na ikabainika kwamba walishindwa kuvumilia wakasoma usiku wa Jumapili. Hawakufukuzwa, ila walikatazwa kufungua midomo mpaka kila mtu apewe mji.